Maziwa Yanapomkataa Mtu wa Pwani

Kwenye vibanda vya chai kandokando ya barabara ya Kilwa, pale Kibiti, chai ya maziwa haimtendei kila mtu sawa. Mmoja humaliza kikombe na chapati mbili akaenda zake shambani. Mwenzake, nusu saa au saa mbili baadaye, tumbo linaunguruma, limejaa gesi, na anaulizia choo. "Maziwa yananikataa," husema watu wa namna hii, na hawadeki.

Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi. Ili iingie kwenye damu, ni lazima kwanza ivunjwe katika utumbo mwembamba na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga huzaliwa nacho cha kutosha, maana maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua mwaka hadi mwaka. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ikavuta maji, na bakteria wakaichachusha. Gesi na kuharisha hutoka huko. Huu si mzio: kinga ya mwili haihusiki, na mwenye hali hii havimbi midomo wala habanwi na pumzi.

Wandengereko na Warufiji, wenyeji wa Kibiti na bonde la Rufiji, wameishi karne nyingi kwa wali, mihogo, samaki na nazi. Mbung'o hawakuruhusu ng'ombe wengi bondeni. Mambo yalibadilika hasa baada ya 2006 na 2007, Serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, Mbeya, na makundi ya Wasukuma na Wabarabaig (wenyeji huwaita Wamang'ati) yakateremka na mifugo hadi Rufiji. Ugomvi wa malisho na mashamba umeandikwa sana. Habari za matumbo, kidogo mno.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff wa Marekani na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan. Watu walinyweshwa gramu 50 za laktosi, sawa na iliyomo katika takriban lita moja ya maziwa ya ng'ombe, kisha wakapimwa sukari ya damu. Ilibainika kwamba miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki yapo mabadiliko ya kijeni yanayoiacha laktesi ikifanya kazi hadi utu uzima, na si yale ya Wazungu. Makadirio ni kwamba yalianza kuenea kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita. Kwa hiyo anayekataliwa na maziwa hana ugonjwa. Mwenye jipya ni yule anayeyaweza.

Lakini jeni si kila kitu. Wafugaji wenyewe hunywa sana maziwa yaliyoganda, na bakteria wa mtindi huwa wameshakula sehemu ya laktosi. Asiyeweza kikombe cha maziwa mabichi huenda akamaliza bakuli la mtindi salama. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima, ila hakupunguzi laktosi. Maziwa ya mbuzi nayo yanayo, na ya unga vilevile.

Watu wengi wenye hali hii huvumilia kikombe kimoja, hasa wakinywa pamoja na chakula. Anayetaka kujua kiwango chake aache maziwa wiki mbili, kisha ayarudishe kidogo kidogo. Akiyaacha kabisa, kalsiamu ataipata kwenye dagaa wanaoliwa na miiba yao, na kwenye mchicha kiasi. Tui la nazi halina laktosi, lakini kwa kalsiamu halifui dafu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Giadia na vimelea wengine wa maji machafu huweza kuharibu utumbo kwa muda, na maziwa yakakataa ghafla hata kwa aliyeyazoea. Kuharisha kusikoisha, choo chenye damu au kukonda ni mambo ya zahanati. Na mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa la mama kwa sababu ya tumbo la baba yake.