Sponji Kubwa, Kava Ndogo

Mafundi wengi wa viti hapa Nakuru hukata sponji inayozidi kava kidogo, kama nusu inchi kila upande, ili mto ukae umejaa. Shida ni kuiingiza. Tukiilazimisha, zipu hung'oka au mshono huachana, na faida ya kiti kizima huishia kwa kitambaa kingine.

Sponji ni hewa tu, karibu yote. Basi tuitoe hiyo hewa. Ivishe nailoni nyepesi isiyotoboka, kama ile inayokuja na godoro jipya, uache mdomo mmoja wazi. Mwenzako apige magoti juu yake, akisukuma hewa kuelekea mdomoni, nawe uukunje haraka na kuushika. (Mwenye mashine ya kufyonza vumbi amebarikiwa; aweke mpira wake hapo mdomoni.) Ingiza ndani ya kava, mdomo ukielekea zipu, pembe kwa pembe, ndipo uachilie. Sponji itavuta pumzi na kufura yenyewe. Ichane nailoni, uivute itoke polepole. Usiiache imebanwa usiku kucha, itabaki na mikunjo.

Na jamani, kazi hii isifanyiwe karibu na jiko la makaa. Sponji hushika moto upesi, na moshi wake una sumu inayoweza kuua kabla moto wenyewe haujakufikia.