Mashini za umma zingali na Windows za zamani, mafundi wake wanastaafu

Jumamosi tarehe 7 Novemba 2015, ukungu ulitanda kwenye uwanja wa ndege wa Orly, karibu na Paris. Ndipo mashini inayowapa waongoza ndege habari za hali ya hewa ikazimika, na safari zikasimama kwa muda. Siku chache baadaye gazeti Le Canard enchaîné lilifichua kwamba mashini hiyo, iitwayo DECOR, ilikuwa ikiendeshwa na Windows 3.1, iliyotoka mwaka wa 1992.

Chama cha wafanyakazi kilieleza jambo lililo zito kuliko hitilafu yenyewe: Paris yote ilikuwa na mafundi watatu tu wanaoielewa DECOR, na mmoja wao alikuwa karibu kustaafu bila mtu wa kumrithi.

Orly haiko peke yake. Mwezi Januari 2024, huko Ujerumani, tangazo la kazi lilitafuta mtu anayejua Windows 3.11 na MS-DOS, atunze skrini ambazo madereva wa treni hutazama wakiwa njiani. Kompyuta zake zina kumbukumbu ya megabaiti 8. Simu janja ya bei ndogo sokoni inazishinda mara mia na zaidi.

Kwa nini hazibadilishwi? Kwanza, zinafanya kazi. Skrini ya dereva haihitaji YouTube. Tena programu ya treni iliandikwa kwa ajili ya Windows ile ile. Ukiibadilisha, itabidi uandike programu upya, ununue mashini mpya, kisha ujaribu yote kwa muda mrefu kabla ya kupakia abiria. Basi wakubwa wanasema tungoje mwaka ujao.

Mashini iliyojitenga inaweza kuzeeka kwa amani. Hatari inaanza ikiunganishwa na zingine. Tarehe 12 Mei 2017, virusi WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kudai pesa ili zifunguliwe. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Wengi walilaumu Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuitunza Aprili 2014. Lakini kompyuta nyingi zilizoshambuliwa hospitalini zilikuwa na Windows 7, na dawa yake ilikuwa imetoka tangu Machi. Haikuwekwa.

Sasa ni zamu ya Windows 10, iliyofikia mwisho wa kutunzwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inakataa kompyuta nyingi za kabla ya 2018. Kwetu Goma, Bukavu ao Butembo, ofisi nyingi hununua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, na hizo ndizo zinazokataliwa. Linux inaweza kuwekwa bila malipo. Lakini programu ya hesabu ao ya fishi za wagonjwa iliyoandikiwa Windows huenda isikubali kuhama, na hapo tunarudi kwa swali la Orly: nani aliyeiandika, na anapatikana wapi leo?