Kivuli Wakati wa Kiangazi: Bustani ya Watu Wote Machakos

Katika miezi ya Januari na Februari, mtu atokaye Masii au Yatta kuja Machakos mjini ajua jinsi jua lilivyo kali. Mvua za vuli zimekwisha, za masika hazijafika, na vumbi laingia hata katika chakula. Siku kama hizo yafaa kujua mahali pa kupumzika pamoja na watoto. Mahali hapo pako, karibu na bwawa la Maruba, katika bustani iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa jina la Machakos People's Park, yaani Bustani ya Watu.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini chini ya mti pana baridi kuliko chini ya bati, hali vyote viwili ni kivuli? Sababu ni ile ile ipozayo maji ya mtungini. Mtungi wa udongo hupenyeza maji kidogo kidogo mpaka nje, nayo yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto na kwenda nalo. Mti nao hufanya vivyo hivyo: mizizi yavuta maji ardhini, na majani yayatoa kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Bati halina maji ya kutoa. Lenyewe hupata moto, kisha hutushushia joto kichwani.

Basi nenda asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri. Lakini watoto wasiachwe peke yao kando ya bwawa, wala mtu asitupe taka humo, kwa kuwa maji ya Maruba ndiyo yanywewayo mjini.

Wako wasemao kwamba bustani ni kiwanja kinachokaa bure. Maneno hayo yalipata kusikika Nairobi pia. Mwaka 1989 ulitokea mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Bibi Wangari Maathai aliupinga kwa barua nyingi. Alitukanwa hadharani, hata Bungeni, lakini hakunyamaza, na mwishowe mpango ukaachwa. Kama wakati ule wenyeji wote wangalinyamaza, leo pale pangekuwa na saruji, na mtu asiye na fedha angetafuta kivuli ukutani.

Walio mbali na mji nao waweza kujipatia kivuli, maana masoko na shule nyingi zina uwanja usio na mti hata mmoja. Katika Ukamba mvua za vuli ndizo za kutegemewa zaidi kuliko za masika. Kwa hiyo mashimo yachimbwe Septemba, miche ipandwe mvua ya kwanza iloweshapo udongo, na kila mche uzungushiwe miiba, kwa sababu mbuzi hawangoji kivuli kikue.