Kinobu kinazunguka bure? Angalia kiungio kwanza

Tuseme uko Morogoro mjini, chini ya Uluguru, na fundi redio anakuonesha osiloskopu ya zamani. Unazungusha kinobu cha fokasi, kinazunguka bure. Mstari kwenye kioo unabaki na ukungu kama mlima asubuhi. Usikimbilie kusema mashine imekufa.

Ndani, kinobu kimeungwa na potenshomita (mafundi huiita volyumu) kwa shafti na kiungio kidogo cha plastiki. Skrubu hukibana miaka nenda miaka rudi, plastiki inazeeka, mwishowe inapasuka. Gundi peke yake haidumu, maana nguvu yote ya kuzungusha inapita hapo hapo.

Basi tuweke kipande cha bomba la shaba? Ngoja kwanza! Kwenye osiloskopu nyingi za tyubu, potenshomita ya fokasi hukaa kwenye volti zaidi ya elfu moja. Plastiki ile ndiyo inayotenganisha umeme huo na vidole vyako. Ukiweka shaba, umeme unaweza kufika hadi kwenye skrubu ya kinobu. Hata mpira mweusi wa petroli wa bodaboda usiuamini: mara nyingi una kaboni, nayo hupitisha umeme.

Kwa hiyo chomoa waya ukutani, kisha mwachie fundi mzoefu aondoe chaji iliyobaki kwenye kapasita. Pima shafti vizuri: robo inchi ni milimita 6.35, siyo 6. Chongesha kiungio kipya cha nailoni, chenye urefu uleule. Shaba ibaki kwa vinobu vya volti ndogo.