Breki Kwanza, Mbio Baadaye
Kila nipitapo barabara ya Bungoma kuelekea Chwele, hapo Kibabii, huona magari madogo yaliyopambwa kwa spika na taa za fahari, ilhali breki zake ni kuukuu. Walimu wa fizikia na walifunze hili: mwendo ukitoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati ambayo breki hulazimika kuizima huwa mara 4. Hata hivyo, mwenye gari asikimbilie diski kubwa za bei ghali. Mshiko wa tairi ndio uamuao. Aanze na tairi nzima, pedi halisi na mafuta mapya ya breki. Yaliyozeeka hunyonya unyevu, yakachemka mteremkoni, kanyagio likadidimia bure. Abebaye watoto wa watu hana budi kujua kusimama kabla ya kukimbia.