Kitalu Nyumba cha Kuhifadhi Joto la Jua: Mambo ya Kuangaliwa Kabla ya Kukopa

Katika miezi ya Juni na Julai, kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Meru, jua hujificha nyuma ya mawingu na usiku huwa wa baridi. Nyanya hudumaa, majani hukaa na umande hadi asubuhi imepevuka, na bakajani chelewa huweza kumaliza shamba kwa siku chache. Haishangazi basi kwamba wanachama wengi huvutiwa na habari ya kitalu nyumba.

Kitalu hicho hakina miujiza. Mwanga hupenya nailoni, hugeuka joto unapopiga udongo, na hewa iliyopata moto huzuiwa isitoke. Lakini nailoni peke yake haihifadhi joto, na ifikapo alfajiri ndani hukaribia kuwa baridi kama nje. Hivyo hutakiwa kitu kizito cha kumeza joto mchana na kulirudisha usiku. Maji ndiyo bora, kwani huhifadhi joto takriban mara mbili ya mawe ya ujazo uleule. Mapipa ya lita 200, yaliyopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji, yanafaa sana. Asiye na mapipa aweza kujenga ukuta wa mawe.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulikosea. Vitabu vya ujenzi huu viliandikwa zaidi Ulaya na Marekani, navyo huagiza kitalu kielekezwe kusini. Agizo hilo lisifuatwe. Arusha iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 3 na kidogo, na wakati wa baridi jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo mapipa au ukuta uwekwe upande wa kusini, na upande wa kaskazini uachwe wazi kwa mwanga. Anayenakili picha za vitabu hivyo atayaweka mapipa yake kivulini, kisha atalaumu jua.

Kiwanja nacho kichaguliwe kwa makini. Hewa baridi hutiririka usiku kufuata mteremko kama maji, ikatuama bondeni, bondeni pasijengwe. Katika mitaa iliyosongamana kama Daraja Mbili, nyumba ya jirani inaweza kunyima kitalu jua la asubuhi.

Wanachama hufikiria baridi tu, kumbe joto nalo huharibu. Likipita nyuzi 35, chavua ya nyanya hudhoofika na maua hupukutika. Madirisha ya juu na ya pembeni ni ya lazima, na pawepo mtu wa kuyafungua asubuhi, maana unyevu uliofungiwa ndani hulea ukungu uleule uliokimbiwa nje. Madirisha yafunikwe kwa wavu mwembamba kwa ajili ya kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Nailoni iwe ile iliyotiwa dawa ya kustahimili miale ya jua. Ya kawaida huchanika mapema.

Paa pia ni chombo cha kuvuna maji. Kitalu cha mita 8 kwa 15 hupokea lita 120 kwa kila milimita 1 ya mvua, yaani mvua ya milimita 20 huleta hadi lita 2,400, kabla ya kutoa zinazopotea.

Kuhusu fedha, Katibu asikubali Bodi itie sahihi mkopo kabla ya kuthibitisha kwamba haupiti ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Hesabu ionyeshe pia gharama ya kubadilisha nailoni, kwani huchakaa kabla ya nguzo. Aidha, nyanya zisirudiwe msimu baada ya msimu katika udongo uleule: mnyauko ukishaingia kitaluni hukaa ardhini, nayo marejesho ya mkopo hayasubiri. Chama chenye mashaka kianze na kitalu kimoja cha nguzo za miti, kikipitishe katika Juni na Julai, kisha takwimu za mavuno zisomwe mbele ya Mkutano Mkuu kabla ya kuagiza cha pili.