Nani Mwenye Kitabu?

Julai 2009, wasomaji kadhaa wa Marekani waliwasha Kindle zao, vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, wakakuta vitabu viwili vimetoweka. Hawakuwa wameviiba, walivilipia. Vyote viwili vilikuwa vya George Orwell: Animal Farm, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shamba la Wanyama tangu Fortunatus Kawegere alipokitafsiri mwaka 1967, na 1984, riwaya ambayo ndani yake dola huteketeza kumbukumbu zisizoipendeza. Mtunzi wa vichekesho asingethubutu kubuni kisa kama hiki.

Amazon, kampuni inayouza Kindle na vitabu vyake, ilikuwa imebaini kwamba aliyeviweka vitabu hivyo dukani mwake hakuwa na haki ya kuviuza. Ikavifuta kwa mbali, ikarudisha fedha. Mwanafunzi mmoja wa Michigan, aliyekuwa akisoma 1984 kwa kazi ya shule, alibaki na madondoo yasiyo na kitabu. Siku chache baadaye Jeff Bezos, mkuu wa kampuni wakati huo, aliomba radhi hadharani.

Lakini siri ilikwishafichuka. Watu walidhani wamenunua vitabu, kumbe walinunua ruhusa ya kusoma.

Kitabu cha karatasi kikishalipiwa, aliyekichapa hana neno tena. Huko Marekani Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1908. Kampuni ya Bobbs-Merrill ilichapa ndani ya riwaya yake, The Castaway, onyo kwamba nakala isiuzwe chini ya dola moja; duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mchapishaji akishauza, ameuza. Hata asiyejua sheria analijua hilo. Kitabu cha kiada kina majina matatu kwenye ukurasa wa kwanza: la kaka, la dada, na la kitinda mimba aliyekirithi bila jalada. Kesho kitakuwa kwa muuza vitabu vya mitumba, kimetandazwa kando ya barabara.

Faili haliendi hivyo. Ukimpa jirani kitabu, wewe huna. Ukimtumia faili, mnacho nyote wawili, na kufikia jioni kundi zima la WhatsApp linacho. Hofu ya wachapishaji haikuwa ya bure. Wakatia kufuli: kitabu kifunguke kwa akaunti ya mnunuzi tu, kwa masharti yale marefu ambayo kila mtu huyakubali bila kuyasoma.

Maktaba zilibanwa zaidi. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins ilitangaza kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikishaazimwa mara 26, leseni imekwisha, maktaba inunue upya. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba karatasi nayo huchakaa. Wakutubi wa Oklahoma wakajibu kwa video: walitoa rafuni nakala za karatasi za kampuni hiyohiyo, zilizoazimwa kupita mara 26, wakazifunua mbele ya kamera. Zilikuwa bado nzima.

Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu Aprili 2019, na tangu Julai vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha, na waliokuwa wameandika maelezo pembeni wakaongezewa dola 25. Ndiyo bei waliyopangiwa mawazo yao.

Wala kosa si la kompyuta. Usiku wa tarehe 4 Julai 1971, katika Chuo Kikuu cha Illinois, kijana aitwaye Michael Hart aliandika kwenye kompyuta Azimio la Uhuru wa Marekani, lote kwa herufi kubwa kwa kuwa mashine haikuwa na ndogo. Nakala yake ya karatasi alikuwa ameipata bure dukani alikokwenda kununua chakula. Akaliacha faili lile bila kufuli, achukue atakayetaka. Ndilo kitabu namba 1 katika hazina aliyoiita Project Gutenberg, na hadi leo linapakuliwa bure, hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.